Moja ya Sauti

Nilihamia mji ule ili nikashike fimbo. Nalisema mapema msije mkanidhania makuu. Mama aliwatangazia majirani wote kwamba binti yake amechukuliwa kwenye filamu, na majirani wakaanza kuniuliza nitavaa nini, nitaolewa na nani humo ndani, na kama naweza kulia nikiagizwa. Kaka yangu ndiye aliyewakata kilimilimi. Aliwaeleza kuwa kazi yangu ni kusimama pembeni ya kamera na kuning'iniza ufagio wa manyoya juu ya vichwa vya watu, na kwamba kikionekana hata kivuli changu tu, nimeharibu. Alisema kwa kejeli lakini hakukosea. Ufagio wenyewe ni maiki iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo, na mimi ni mnasa sauti.

Kabla ya hapo nilikaa miaka minane redioni, kituo kidogo cha mji wetu, nikirekodi matangazo ya vifo, mawaidha ya asubuhi, na kipindi cha afya ambacho daktari wake alikohoa kuliko wagonjwa. Mwishoni mwa wiki nikawa natengeneza filamu ya dakika kumi na moja na wenzangu watatu, kuhusu wagonga kokoto. Ilionyeshwa mahali, watu wakapiga makofi ya adabu, nikadhani yamekwisha. Baada ya miezi miwili mwanamke mmoja akanipigia simu. Alikuwa na sauti ya chini na tulivu. Aliniambia amesikiliza pumzi za wale wagonga kokoto mpaka koo lake likakauka, na kwamba anatengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, filamu huru, isiyo na kampuni nyuma yake wala mfadhili wa kumpangia, na anahitaji masikio. Miaka minane nilikuwa sijasikia mtu akinisifu kwa kitu hicho. Nilikata shauri kabla simu haijakatika.

Wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Ndiye aliyekuwa mwongozaji, mwandishi na mwenye filamu. Hakupaza sauti hata siku moja. Kila mtu kwake alikuwa kipenzi: kipenzi sogea kidogo, kipenzi umechelewa, kipenzi kesho usirudi tena. Siku yangu ya kwanza alinikalisha jikoni kwenye nyumba tuliyopanga kupigia picha, akanimenyea chungwa kwa mkono wake, akanieleza habari za mnasa sauti aliyenitangulia, wa filamu yake fupi.

"Alikuwa mpole," alisema. "Kila nikimuuliza, anasema sawa. Nimekwenda kuhariri nikakuta theluthi nzima ina mngurumo wa pampu ya maji. Upole wake umenipotezea miezi mitano, kipenzi. Wewe usiwe mpole."

Nikamwambia upole haumo kwetu. Alicheka.

Hapo lazima nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hamtanielewa. Dada Mkubwa hakupiga vipande vifupi vifupi. Alipiga tukio zima kwa mara moja, dakika kumi bila kukata, na kila mara moja kama hiyo tuliiita teki. Teki ikiisha, aliuliza watu wawili tu. "Picha?" Mpigapicha akajibu. "Sauti?" Nami nikajibu. Nikisema kuna kasoro, naomba moja zaidi, hiyo tuliiita moja ya sauti, na watu wote, kuanzia waigizaji hadi dereva, walirudi mwanzo. Mpigapicha alikuwa na lenzi, taa, wasaidizi wawili na kiburi cha kutosha familia nzima. Mimi nilikuwa na neno hilo moja, na nililitumia. Mji ule ulikuwa na kelele za kila aina: mashine za kuchomelea vyuma, kengele za shule, pikipiki zilizotolewa bomba la kuzuia mlio kwa makusudi. Wiki ya pili walishaanza kuninung'unikia. Wiki ya tatu wakanibandika jina la Sikio, na mpambaji, ambaye ndiye niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, aliniambia kuwa nikitamka neno sauti hata akiwa amelala anaamka kupaka watu poda.

Nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitaki kuificha.

Sasa niwaeleze Mzee Fundi. Alikuwa mshonaji, umri wake miaka sitini na sita, hajawahi kuigiza hata kwenye tamasha la shule. Dada Mkubwa alimpeleka pazia akalifupishe, akamwangalia anavyotia uzi kwenye sindano, na hapohapo akaona amempata baba wa filamu yake. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Baba anajua kwamba mwanawe anatoka gerezani siku hiyo. Anaandaa meza, anakaa, anasubiri. Mwana haji. Filamu nzima ilikuwa imeegemea zile dakika kumi mezani, na Dada Mkubwa alitwambia waziwazi kuwa zikishindikana, hana filamu.

Zilishindikana. Mzee Fundi aliweza kutembea, kushona, kuzungumza, kukasirika, lakini kusubiri kulimshinda. Akikaa pale mezani alikuwa anaangalia mlango, anavuta pumzi ndefu, anashika tama, anaangalia mlango tena. Alikuwa akituonyesha kwamba anasubiri. Tulipiga teki kumi na mbili kwa siku mbili, na kila ilipokwisha alituuliza kwa aibu kama ameboronga tena. Dada Mkubwa alimpigapiga begani na kumwambia yuko vizuri sana, halafu alikuja jikoni akaegemea ukuta, macho kayafumba.

Mimi nilimpenda yule mzee. Kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kumfunga maiki ndogo kifuani, ndani ya shati. Siku ya kwanza nilimbandika kwa gundi ya karatasi, akaiangalia kama mtu aliyeona mshono mbovu, na kesho yake alikuja na shati lililotiwa mfuko mdogo kwa ndani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hasa kwa ajili ya maiki yangu. Redio ilikuwa na mafundi na vyeti vyao lakini sijawahi kupata kitu kilichokaa vizuri namna ile. Nikiwa namfunga, alinieleza habari za mkewe. Alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, anaendelea vizuri. Mke ndiye aliyemsukuma akubali kuigiza. Alimwambia kwa miaka arobaini umekuwa ukiwatengeneza watu wapendeze, sasa na wewe katazamwe. Kila jioni tukimaliza alikwenda kumwigizia mkewe kitandani yale aliyoyafanya mchana, na mke alicheka mpaka muuguzi akamkataza asifumue nyuzi.

Kulikuwa na sheria ya simu, na sheria hiyo ilikuwa yangu. Simu zikiwa karibu na maiki zinanguruma ndani yake hata zikiwa kimya. Kwa hiyo kila asubuhi nilizungusha beseni la plastiki, kila mtu akaweka simu yake, na beseni lilikaa kwenye korido ya nyuma, juu ya sifongo, likiwa chini ya ulinzi wangu. Siku moja Mzee Fundi alisita kuweka yake. Aliniomba, kwa ajili ya mgonjwa, abaki nayo mfukoni. Nilikataa. Nikamwahidi nitaisikiliza mwenyewe, na ikilia kutoka hospitali nitaipokea na kumwambia papo hapo.

"Mwanangu, nakuachia," alisema, akaiweka kwenye beseni kwa mikono miwili.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya saba, saa nne na robo asubuhi. Tulikuwa tunajiandaa kujaribu tena lile tukio la meza. Simu yake ilitetemeka juu ya sifongo, nikaipokea. Muuguzi hakupoteza muda. Alisema hali ya mgonjwa imebadilika tangu alfajiri, anamuulizia mume wake, na mume aje sasa hivi, asingoje jioni. Nikamwambia namfikishia. Mtu aliyerekodi matangazo ya vifo miaka minane anajua sauti ya namna ile. Nilijua.

Nilimkuta Dada Mkubwa jikoni, nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa ameshika karatasi za siku hiyo. Aliziweka chini taratibu.

"Wamesema amefariki?"

"Wamesema aje sasa."

Nje ya dirisha, gari letu lilikuwa limeegeshwa, dereva amelala kwenye usukani. Hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa. Nilimwona anawaza, na sikumwona akipata shida sana.

"Mwambie hospitali wamepiga, na watapiga tena," alisema. "Basi. Apige moja, halafu gari limpeleke. Ni dakika kumi, kipenzi. Dakika kumi hazimuui mtu."

Ningependa kusema aliniamuru. Hakuniamuru. Aliniangalia akangoja, kama anavyongoja mtu aliyekwisha kukupima akajua uzito wako, na mimi nikageuka nikaenda sebuleni. Njiani nilijiambia kwamba nikibisha namwaga unga, narudi kwa daktari anayekohoa, na kaka anapata la kusema mpaka azeeke. Lakini hiyo nilijiambia ili nipate kisingizio. Ukweli ni kwamba nami nilitaka kusikia.

Mzee Fundi alikuwa ameshakaa mezani. Niliinama kama ninarekebisha maiki yake, nikamwambia hospitali wamepiga, wamesema watapiga tena. Alinishika kifundo cha mkono.

"Wewe ndiye mtu wa masikio," alisema. "Sauti yao ilikuwaje?"

"Ya kawaida tu, mzee."

Aliachia mkono wangu. Akashukuru.

Nikarudi mahali pangu, nikavaa hedifoni, nikainua fimbo. Dada Mkubwa hakusema neno la kuanzia. Alipunga mkono tu.

Sijui niseme nini kuhusu zile dakika kumi. Alisubiri. Hakuangalia mlango hata mara moja. Alikaa mikono juu ya meza, akanyoosha ukunjo wa kitambaa kwa kidole, akaurudisha, akaunyoosha tena. Maiki niliyoifunga kifuani pake, ndani ya mfuko alioushona mwenyewe, ilinipa vyote: mate yakimezwa, tumbo likinguruma kwa njaa, na chini ya hayo yote moyo, ambao kwa kawaida hausikiki. Alianza kuhesabu kitu kwa midomo bila sauti, akakosea, akaanza upya. Dakika ya sita pikipiki ikapita mtaani. Aliinua macho, sikio likafuata mlio hadi ulipofika kona, ukapotea, na macho yakashuka. Nilisisimka mwili mzima. Mpigapicha, mwanamume wa kiburi vile, alikuwa analia jicho moja, lile jingine liko kwenye kamera.

Dada Mkubwa alikata kwa kunong'ona. Nje, dereva alikuwa ameshawasha gari, kwa maana alikuwa ameagizwa awe tayari.

"Picha?" aliuliza.

"Safi," mpigapicha alisema, akijifuta jicho.

"Sauti?"

Na mimi nikasema, "Pikipiki imepita dakika ya sita. Naomba moja ya sauti."

Watu wote waligeuka. Mpambaji alifungua mdomo akaufunga. Wao wote hawakujua habari za hospitali. Walishangaa tu kwamba kuna mtu anaweza kupata kitu kile halafu akataka kingine. Aliyejua ni mmoja, na hata yeye alishangaa. Dada Mkubwa alinikazia macho muda kidogo.

"Una hakika, kipenzi?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema basi, tuache, itafaa. Pikipiki si kitu. Ningesema tu hapana. Nilimwangalia Mzee Fundi, amegeuza shingo ananitazama kwa heshima, kwa sababu yeye aliiheshimu kazi ya kila mtu, na fundi akisema mshono haujakaa, kwake haujakaa. Nikawaza pampu ya maji ya yule mwenzangu mpole. Nikawaza watu kwenye ukumbi siku moja wakisikia kazi yangu.

"Nina hakika," nilisema.

Nje dereva akazima gari.

Tulihitaji muda wa kupanga upya meza, kunyoosha kitambaa, kumpaka mzee poda ya jasho. Aliniuliza kama simu imelia tena. Nikasema bado. Kwa kweli ilikuwa imetetemeka mara moja tulipokuwa tunapiga, nilikuja kuiona baadaye. Teki ya pili ilianza saa tano kasoro dakika tano. Ilikuwa safi. Hakukuwa na pikipiki wala kengele wala mlango, na mji wote kwa dakika kumi ulinyamaza kana kwamba nimeuagiza. Mzee alisubiri vizuri, ingawa alikuwa amechoka na sasa alikuwa anasubiri kwa adabu. Nilipoulizwa nilijibu safi, kwa furaha, kifua mbele.

Baada ya hapo Dada Mkubwa alimwendea, akampigia magoti, akamshika mikono yote miwili na kumwambia kuwa hospitali wanamhitaji, gari liko mlangoni, na kwamba alichofanya leo hakuna mtu atakayekisahau. Mzee alisimama kwa kasi iliyoangusha kiti. Nilimkimbilia na simu yake. Ilikuwa na simu tatu zilizopigwa bila kupokewa. Hakuzitazama. Aliondoka mbio na maiki yangu ikiwa bado kifuani.

Hedifoni zilikuwa bado masikioni mwangu, kwa hiyo nilimsikia. Nilimsikia anafunga mlango wa gari, anamwomba dereva msamaha kwa kumharakisha, anasema jina la mkewe, lile la ndani ambalo watu wengine hawaliiti. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Halafu gari likapinda, mawimbi yakakatika, nikabaki na mchakacho mtupu. Niliendelea kuusikiliza mpaka mpambaji akanivua hedifoni kichwani.

Mkewe alifariki saa tano na dakika mbili. Tulikuwa katikati ya moja ya sauti.

Chumbani, mpambaji alikuwa ameshasikia kila kitu kutoka kwa dereva na ameunganisha mwenyewe. Alikaa kitandani kwake ananitazama ninavyosafisha nyaya.

"Hata Dada Mkubwa alitaka kumwachia aende," alisema.

Hakuniambia neno jingine mpaka filamu inakwisha. Tulilala chumba kimoja wiki tano, tukapishana mlangoni kama wapangaji wenye kesi.

Siku ya nne baada ya mazishi, Dada Mkubwa alinituma msibani. Kulikuwa kumebaki matukio mawili ya mzee, na alisema mimi ndiye anayemwamini. Nilikwenda. Watoto wake wa kiume walikuwa wamefika kutoka mbali, wamekaa kwenye viti vya kuazima, hawajui cha kufanya na mikono yao. Mzee aliniamkia kabla sijamwamkia, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha cherehani. Alifungua droo akanipa maiki yangu, ameifunga kwenye kipande cha hariri na kukizungushia uzi. Alisema aliogopa isije ikaingia vumbi.

Nilijua muuguzi atakuwa amemwambia. Nilikuwa nimejikaza kisabuni kwa ajili ya matusi, nimejiandaa hata kwa kofi.

"Ile simu ya kwanza uliipokea wewe?" aliuliza.

"Nilipokea, mzee."

"Ukamwambia mama mwenye filamu?"

"Nilimwambia."

Alitikisa kichwa pole pole. "Basi wewe ulifanya lako. Mtoto wa watu umetoka kwenu mbali, umekuja kazini, ungefanya nini tena. Usijitese, mwanangu."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yalikuwa maneno machache sana, hata mtoto angeyasema. Nikasema, "Ahsante, mzee." Kisha, kwa kuwa ndicho nilichotumwa, nikamuuliza atarudi lini kumaliza yale matukio mawili.

Alirudi Jumatatu. Alifanya alichoambiwa, hakukosea, na Dada Mkubwa alisema mzee amekuwa mwigizaji kamili.

Kuhariri kulichukua miezi minne, nami nilibaki mjini kwa ajili ya kusafisha sauti. Siku Dada Mkubwa alipofika kwenye tukio la meza aliniita niketi kando yake. Alitazama teki zote mbili mara mbili mbili, akiwa amevua viatu, miguu juu ya kiti. Alipomaliza aliichukua ya kwanza, akaiweka kwenye filamu, nzima, na pikipiki yake.

Nilimkumbusha kwamba ya kwanza ina kasoro.

"Hiyo siyo kasoro, kipenzi. Anapoisikia ile pikipiki anadhani mwanawe amefika. Ndiyo filamu yote hiyo." Aligusa kitufe, akamrudisha mzee hadi pale anapoinua macho. "Ya pili ni safi lakini haina kitu."

Yeye alikuwa anaendelea kutazama kioo.

"Ningemwachia, unajua," alisema kwa ile sauti yake tulivu. "Niliuliza mara mbili."

Ndiye huyuhuyu aliyenichukua kwenye filamu yake ya pili, na ya tatu. Anawaambia watu kwamba hajapata kufanya kazi na mtu asiye mpole kama mimi, na anasema hivyo kama sifa. Nimekwisha kupata wanafunzi. Mama bado anawatangazia majirani.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chuo, viti mia mbili, vimejaa. Dada Mkubwa alikuwa amemwekea Mzee Fundi kiti cha mbele, katikati, kati yake na wageni. Mzee alifika amevaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, na alipoonyeshwa kiti chake alishukuru, akapita, akapanda ngazi mpaka nyuma nilikokuwa nimejibanza karibu na mlango. Aliuliza kama pana mtu. Nikasema hapana. Akaketi, akasema anataka kukaa na mtu anayemjua.

Alijitazama kwenye kioo kikubwa bila kujikuna wala kujicheka. Mara moja tu alinigusa kiwiko, aliposikia mkasi wake ukikata kitambaa, akanong'ona kwamba ndivyo unavyolia kweli. Kisha tukio la meza likaanza. Ukumbi ulitulia kabisa. Nilisikiliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nikasikia mwanamke mstari wa mbele yetu ameacha kupumua. Pikipiki ikapita. Mzee wa kwenye kioo akainua macho, akayashusha, na ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu.

Mzee aliyekaa kando yangu hakuguna. Aliinama upande wangu.

"Ile pikipiki," alisema kwa sauti ya chini, "niliisikia tulipokaa mara ya kwanza. Nilidhani ni mjumbe wa hospitali."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo hii ndiyo ile ya kwanza."

"Ndiyo."

Niliona vidole vyake vinanyoosha ukunjo wa suruali gotini.

"Sasa ile ya pili," aliuliza, "tulipiga ya nini?"

Hakukuwa na hasira ndani yake. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenziwe, kwa sababu hakuelewa na alitaka kuelewa.

"Ilikuwa ya sauti, mzee," nilisema. "Niliiomba mimi."

Alinitazama kwa muda. Kisha akageuza uso wake mbele. Zilikuwa zimebaki dakika nne za yeye kusubiri, na tulikaa pale, bega kwa bega, tukazitazama zote.